Kisima Kisichokuwamo Kwenye Ramani

Ilolanzila,
kwa mkono wa duka la Popatlal, Tabora
9 Septemba 1951

Mdogo wangu Wenceslaus,

Tumsifu Yesu Kristo. Ukishaitikia, kaa chini, maana dada yako amekasirika na barua ni ndefu. Miezi minne hujaandika hata mstari mmoja. Huko Nzega wino umekwisha, au kazi ya kupima ardhi na bwana saveya imekusahaulisha nani alikubeba mgongoni mpaka ukaota meno?

Sisi ni wazima. Baba analalamikia kiuno asubuhi na chumvi jioni. Tangu nimzike mume wangu nikarudi kumpikia, hakijatoka chungu mekoni kikamridhisha. Anakusalimu sana. Barua zako hunisomesha mara mbili, halafu anakwenda kwa majirani kuwaambia mambo ambayo hukuyaandika.

Sasa sikiliza. Ule uwanja wa ndege mliopima mwaka jana umeanza kweli. Wameleta makatapila mawili. Kile kichuguu kikubwa tulichokuwa tukipanda utotoni kimesukumwa mara tatu tu, hakipo. Wanawake tuliokuwa tunakwenda shambani tulisimama tukashika vinywa. Juu yetu wamechimba shimo la changarawe, kubwa kuliko kanisa, na maji yametoka chini yake. Wanayavuta kwa mashine kutwa nzima, wanamwagia vumbi la uwanja. Toka waanze, maji ya kisima chetu yamepungua. Mwezi huu wa tisa kamba ya pima mbili huwa inatosha. Sasa natumia ya pima tatu na kibuyu kinarudi na tope.

Hilo ningelivumilia, mvua zikija litajirekebisha. Kinachoninyima raha ni mfereji. Wanachimba mfereji wa kutoa maji uwanjani, unafika mtu kifuani, unashuka moja kwa moja kwenye mbuga yetu. Nimevifuata vigingi vyao kwa miguu. Kigingi cha mwisho kiko hatua sitini kutoka penye miiba tunayofunikia kisima.

Najua desturi yetu, kila mgeni anaambiwa Ilolanzila hakuna maji. Lakini wewe ulikuwa mkalimani wa bwana saveya, ulikunywa naye chai. Bila shaka ulimnong'oneza. Basi mwandikie haraka, mwambie vigingi vimepotea njia. Nyumba thelathini na moja zinakunywa pale, na hatuna kisima kingine.

Ni mimi dada yako,
Benedikta

—

Kambi ya Saveya, Nzega
23 Septemba 1951

Dada mpendwa Benedikta,

Milele amina, na shikamoo. Barua yako imenifikia salama salimini, na matusi yake yote nimeyapokea kwa unyenyekevu. Hapa tunapima barabara. Jua ni kali na bwana wetu hapumziki, ndiyo sababu ya ukimya wangu.

Kuhusu mfereji, nakuomba usihangaike. Kazi ile imechorwa na wataalamu, na ramani yake imepitishwa Dar es Salaam. Mfereji ni wa maji ya mvua, na maji ya mvua hayana dhara kwa mtu yeyote. Pengine hata yatakijaza kisima. Mashine ya shimo la changarawe nayo itaondoka kazi ikiisha.

Si vizuri kwenda ofisini kwao kuuliza maswali. Wana shughuli nyingi, na wanaweza kuudhika. Mwambie na Baba asiende. Nitaangalia la kufanya kwa nafasi yangu.

Nimempa Mussa, dereva wetu, kitenge chako na dawa ya kuchua kiuno cha Baba. Niandikie kama vimefika.

Wako mtiifu,
Wenceslaus Kashindye

—

Ilolanzila
2 Desemba 1951

Wenceslaus,

Kitenge kimefika. Sijakivaa.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha Jumanne, wiki mbili zilizopita. Mfereji ulishuka ukinguruma, tukausikia tukiwa ndani. Kulipopambazuka tulikwenda kisimani sote, wanawake kwa wanaume, na leo ni mara yangu ya kwanza kuandika nilichokiona, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Miiba haipo. Lile gogo la mdomoni halipo. Kisima kimejaa maji mekundu mpaka juu, na juu ya maji kuna utando unaong'aa zambarau na kijani kama shingo ya njiwa. Mwanamkuu jirani yetu alipiga magoti pale pale kwenye tope akaanza kulia kama msibani. Mimi sikulia. Nilikuwa nakodoa macho tu, Wenceslaus, nilikuwa siamini!

Tulingoja siku tatu tope litulie. Likatulia. Maji yakawa meupe, tukasema Mungu ametuhurumia. Mwamvita, mjukuu wa Mwanamkuu, akawa wa kwanza kunywa kwa kiu ya kutoka shamba. Kabla ya mchana alikuwa anatapika. Midomo ikamvimba, ulimi ukababuka, siku nne uji haupiti. Yuko zahanati kwa Masista, wanasema atapona. Ng'ombe walikuwa na akili kutuzidi, walinusa wakageuka.

Nikajaza chupa, nikaenda nayo kwa Mzee Popatlal, maana yeye anauza petroli na mafuta ya taa, pua yake inajua. Alizibua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Akaniuliza nimeitoa gari gani. Nikamwambia nimeitoa kisimani, ni maji yetu ya kunywa. Akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili. Kisha akaimwaga kwenye sahani ya bati, akaiweka chini nje ya duka, akawasha kiberiti.

Yaliwaka. Maji yaliwaka moto, mdogo wangu! Kamoto ka buluu kalitembea juu ya sahani mpaka kakafika ukingoni. Watu waliokuwa barazani walinyanyuka. Mzee Popatlal alisema kwa sauti ndogo, "Mama, hii si ya taa. Hii ya ndege." Mapipa ya watu wa uwanja yamepangwa pale juu, mengine yanavuja, na wanapooshea mitambo uchafu wote unaingia mfereji ule ule.

Sikukusikiliza. Nilikwenda ofisi ya uwanja. Karani wao alikuwa na adabu, alinipa kiti. Nikamwambia mmetutilia petroli kisimani. Akasema, "Kisima gani, mama?" Akakunjua ramani mezani. Akanionyesha mlima wetu, njia ya zamani ya misafara, nyumba zetu, hata mti wa Baba. Penye kisima pana karatasi tupu. Akasema alama ya maji ni duara la buluu, na hapa hakuna. Nikamwambia ramani yenu ni ya uongo. Akafungua daftari, akanisomea: *Wenyeji wameulizwa. Hawana kisima upande huu. Mfereji upite.* Chini yake dole gumba la mzee mmoja, hakunisomea jina. Na chini ya dole gumba: *Shahidi na mkalimani*, na jina.

Nilisoma herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Ile W naijua. Mimi ndiye niliyekushika mkono kukufundisha kuiviringisha.

Sikumwambia karani kwamba wewe ni ndugu yangu. Niliona aibu. Hata Baba sijamwambia, na humu ndani mdomo unaniwasha kila nikimtazama. Niandikie. Usiniambie habari za wataalamu.

Benedikta

—

Nzega
16 Desemba 1951

Dada,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Maji kuwaka! Nilijua nimekosea, lakini sikujua kosa langu lina moto. Mwamvita anaendeleaje? Tafadhali anza na hilo unaponijibu.

Ni kweli niliandika mimi. Nitakueleza ilivyokuwa, bila kupamba.

Siku ile bwana saveya alitaka kukaa na wazee wa Ilolanzila. Baba alitolewa awe msemaji. Bwana aliuliza vizuri kabisa, akaniambia nifasiri neno kwa neno: "Kuna maji ya kunywa upande huu? Nionyesheni, ili mfereji wetu tuupitishe mbali." Nikafasiri yote, Dada, hata hilo la kuupitisha mbali. Baba alinitazama mimi, hakumtazama mzungu. Akajibu kwa Kinyamwezi, "Mwambie hatuna kisima. Tunachota mbali." Wazee wote wakaitikia, ndiyo, mbali sana.

Unajua walivyolelewa. Unajua Bibi alivyokuwa akisimulia misafara, wapagazi mia nne wanaingia kijijini na kiu, wanakunywa kisima mpaka kinabaki tope, wanaondoka, na kijiji kinahama. Ndiyo sababu miiba. Ndiyo sababu ninyi wanawake mnafundishwa msipite njia moja siku mbili, nyasi zisilale zikaonyesha. Ndiyo sababu bibi harusi wa kutoka nje haonyeshwi kisima mpaka azae. Baba alimwona saveya na watu wake na masanduku yao, akaona msafara.

Mimi nilijua si msafara. Nimesoma, nimekula mshahara wao miaka sita. Ningeweza kumvuta bwana kando. Lakini ningemfanya baba yangu mwongo mbele ya wazee wenzake na mbele ya mzungu, mimi mwanawe. Ulimi ulikataa. Nikasema, "Hakuna kisima, Bwana." Nikaandika. Baba akatia dole gumba, ndilo uliloliona. Jioni alinichinjia jogoo, akaniambia nimekuwa mtu mzima. Jogoo yule nilimla kwa raha, Dada, hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Uliponiandikia mwezi wa tisa, bado vigingi vingeweza kuhamishwa. Niliogopa kufukuzwa kazi kwa ushahidi wa uongo. Nikakuandikia upuuzi.

Leo nimemwandikia mkubwa wa uwanja kwa Kiingereza, nimekiri jina langu na kosa langu. Wakinifukuza wanifukuze. Nawe tafadhali, barua hii isome peke yako. Usimsomee Baba. Ni mzee, itamvunja.

Mdogo wako,
Wenceslaus

—

Ilolanzila
6 Januari 1952

Wenceslaus,

Mwamvita amerudi nyumbani, anakula. Nimeanza na hilo kama ulivyoomba.

Hivi ulikuwa na akili gani kuandika "usimsomee Baba" mwishoni kabisa? Umesahau barua zinavyosomwa hapa? Baba mwenyewe ndiye aliyeichukua kwa Mzee Popatlal. Alikuja nayo mkononi, akawaita Mwanamkuu na wazee wawili, wakakaa, akasema, "Haya, soma, mwanangu ameandika." Ningeifungua kimya wangesema kuna kifo. Nikaanza. Nilipofika pale bwana saveya aliposema atapitisha mfereji mbali, nikataka kuruka mistari, lakini ulimi ulikuwa umeshatangulia. Nikasoma yote, jogoo na kila kitu, mpaka "itamvunja".

Baba alinyanyuka, akavaa koti lake la kanisani, akachukua fimbo. Nikamfuata mpaka ofisi ya uwanja. Alimwambia yule mkubwa wao, kupitia karani, "Nilimdanganya mtu wako. Kisima kilikuwapo. Kijana wangu hana kosa, alifasiri nilichosema."

Ile barua yako ya Kiingereza ilikuwa wazi mezani kwake. Akauliza tuko nyumba ngapi. Baba akamwambia. Yule mzungu alishika kichwa, akapiga meza mpaka kalamu zikaanguka. Karani akatufasiria: "Anasema, hatua mia! Mngesema tu, angeusogeza mfereji hatua mia, kazi ya siku mbili." Sasa kazi ya mfereji imefungwa na hela yake imekwisha. Lakini akasema tukipata maji mahali pengine tumwonyeshe, atayaandika kwenye ramani kwa mkono wake, na mtu hatayagusa.

Baba hajala vizuri tangu siku ile. Chumvi hailalamikii tena. Nilidhani nitafurahi siku atakapoacha kulalamika, kumbe inatisha.

Kwa sasa tunakinga mvua ya paa, maji yana rangi ya chai na yananuka moshi. Lakini mwezi wa tano mvua zikikatika tutakunywa nini? Nyumba mbili zimeshahamia Kigwa kwa ndugu zao. Sisi wengine tunachimba penye mawe makubwa, upande wa machweo. Tumefika pima nne, bado pakavu.

Benedikta

—

Nzega
3 Februari 1952

Dada, shikamoo,

Sikufukuzwa. Nimekatwa mshahara wa mwezi na kuandikwa kwenye faili. Adhabu ndogo mno, naona haya kuitaja.

Mussa alipita Tabora juzi, ameniambia mmepata maji penye mawe, matamu, mengi, na kwamba Baba anataka kuyafunika miiba. Dada, nakupigia magoti. Msiyafiche! Umeona tulichojifanyia. Mwite yule mkubwa wa uwanja, mwonyeshe, atie duara la buluu, na wewe utie sahihi yako mwenyewe, si dole gumba. Kitu kisichokuwamo kwenye ramani, kwao hakipo duniani. Kikiwamo, kinalindwa. Baba atakataa, wazee watakataa. Wewe una kichwa kigumu kuliko wote. Kitumie.

Nimepata ruhusa ya Pasaka. Nitakuja, niwaombe radhi watu wote ana kwa ana, nami nikinywe hicho kisima kipya.

Wenceslaus

—

Ilolanzila
30 Machi 1952

Mdogo wangu,

Nilikusikiliza.

Nilibishana na wazee siku mbili. Walisema mwanamke hajapata kukionyesha kisima kwa mgeni tangu kijiji kiwepo. Nikawauliza, na kile mlichokificha kiko wapi? Mwisho Baba alisema kwa uchovu, "Mwacheni, mimi nilishakosea, pengine yeye ataweza." Nikaenda ofisini mwenyewe. Yule mkubwa alikuja na karani wake, akaonja maji kwa kiganja, akacheka kwa furaha, akatia duara la buluu mbele ya macho yangu. Nikatia sahihi: Benedikta Kashindye. Alinipa mkono. Nilirudi nyumbani nimejaa kiburi, nikakivaa kile kitenge chako.

Yule bwana ameenda likizo kwao Ulaya. Aliyeshika nafasi yake hajui watu, anajua karatasi. Wiki mbili zilizopita lilikuja lori na mabomba na mashine ya kuvuta maji. Aliyeshuka alikuwa na ramani mkononi. Hakuuliza mtu yeyote njia, Wenceslaus. Alihesabu hatua, akafika penye mawe, akaelekeza kidole. Nikamkimbilia, nikamwambia hiki ni cha kunywa, kimeandikwa. Akasema, "Ndiyo, mama, kimeandikwa," akanionyesha duara langu. Shimo la changarawe limekauka, na uwanja unataka maji: ya kumwagia vumbi ndege isipofuke, ya tangi la kuzimia moto, ya nyumba ya abiria wanaosubiri. Duara la buluu lilikuwa karibu kuliko mengine yote.

Nilisimama pale nimeshika sufuria. Nilijiona nimewapeleka watu wa uwanja kisimani kwa mkono wangu, na kwa sahihi nzuri.

Sasa pana seng'enge na askari. Tunaruhusiwa kuchota Jumanne na Ijumaa, madebe mawili kila nyumba, tangi lao likishajaa. Ijumaa iliyopita halikujaa. Nilikwenda ofisini mara tatu. Karani yule yule ananipa kiti, anainamisha macho. Ameniambia nilete malalamiko kwa maandishi.

Nyumba zilizobaki ni ishirini na nne. Wanawake tulikaa, bila wazee, bila Baba. Hatukupiga kelele. Tumeshapata maji mengine. Si mengi, lakini mvua zikikatika yatatufikisha.

Juzi alikuja bwana mwingine wa ramani, kijana kabisa, na mkalimani wake wa Kinyamwezi safi kama wewe. Aliuliza vizuri. Nilimpa kiti, nikamtazama usoni, nikamwambia hatuna.

Njoo Pasaka. Baba anakungoja, na Mwanamkuu amesema hana kinyongo nawe. Nitakupikia, utalala chumba chako, nami nitafurahi kukuona, hilo ni kweli mbele ya Mungu. Maji utayakuta mtungini, masafi, kunywa mpaka utosheke. Yametoka wapi, usiniulize. Wewe pia sikwambii.

Dada yako,
Benedikta